Winchi Inayojisimamisha Yenyewe

Leo tutazungumza juu ya winchi ya ujenzi.

Wengi wenu mmeona nyumba ya ghorofa mbili au tatu ikijengwa. Vibarua hujipanga ngazini, na karai la zege hupita mkono kwa mkono mpaka juu. Kazi hiyo huchosha, na mtu akiteleza huumia. Winchi kubwa ya mnara ingesaidia, lakini huletwa vipande vipande, na kwa kawaida huhitaji winchi nyingine ya kuisimamisha. Kwa jengo dogo, gharama hiyo ni kubwa mno.

Mwaka 1949, huko Ujerumani, mjenzi Hans Liebherr alitengeneza winchi ya mnara iliyo rahisi kuhamisha na kuunganisha. Miji mingi ilikuwa imebomolewa na vita, na watu walitaka nyumba upesi. Siku hizi ziko winchi zinazofika zimekunjwa, zikivutwa na lori. Mafundi huisimamisha winchi juu ya miguu yake minne, huweka vipande vizito vya zege upande wa nyuma ili isipinduke, kisha mashine hukunjua mlingoti na mkono wake. Baada ya saa chache kazi huanza. Mwendeshaji husimama chini, akiiongoza kwa kifaa kidogo alichoshika.

Sasa sikilizeni vizuri. Chukua ndoo ya maji, uishike karibu na mwili. Utaiweza. Haya, nyosha mkono mbele. Ndoo ni ileile, lakini mkono unatetemeka! Winchi nayo ni hivyo hivyo. Mwalimu wa darasa aandike ubaoni:

Kilo 1,000 × meta 10 = 10,000
Kilo 500 × meta 20 = 10,000

Maana yake, umbali ukiwa mara mbili, mzigo hupungua kwa nusu au zaidi. Kila winchi ina jedwali lake linaloonyesha kilo ngapi kwa meta ngapi. Asiyeweza kulisoma asiishike winchi, maana kosa la tarakimu moja laweza kuua wenzake.

Winchi hizi zina kifaa cha kuzuia mzigo usizidi. Lakini kifaa hicho hakijui kama chini ya mguu mmoja pana tope. Hilo ni juu yako. Kabla ya kuinua, tazama: Je, ardhi ni ngumu na sawa? Je, nyaya za umeme ziko mbali? Je, upepo ni mkali? Na mtu yeyote, hata awe msimamizi, asipite chini ya mzigo.

Maswali ya kujibu daftarini:

1. Kwa nini winchi hii yafaa jengo dogo?
2. Winchi yaweza kuinua kilo 800 kwa meta 10. Je, ni salama kuinua kilo 600 kwa meta 20? Eleza sababu.

Kwaherini, ndugu zangu, mpaka somo lijalo.