Giaboksi Iliyokufa Kabla ya Siku Zake

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wa mwaka)



Barua ya mwaliko ilinitaka niseme juu ya mafanikio katika utumishi wa umma. Nikaitazama barua ile siku mbili, nikaona mafanikio yangu hayatoshi robo saa. Kwa hiyo, kwa idhini ya Mwenyekiti, nitasema juu ya gari bovu. Wengi wa rika langu wamekuja hapa na magari yao, na karibu yote yalikwisha kuendeshwa na mtu mwingine kabla yao. Nanyi wanafunzi, Mungu akipenda, mtanunua ya kwenu, nayo yatakuwa yamekwisha kuendeshwa na sisi.

Mwaka 2019 nilikopa benki kwa dhamana ya mshahara, nikanunua gari dogo la Kijapani kwa shilingi milioni 9. Sababu ilikuwa mama. Mama anakaa Masaki; si Masaki ile ya Dar es Salaam yenye mabalozi na upepo wa bahari, bali Masaki yetu ya Kisarawe, yenye mikorosho na mchanga. Alikuwa ameanza kuhudhuria kliniki ya shinikizo la damu kila mwezi, na kumpandisha bodaboda mtu wa miaka 68 mwenye goti bovu kulikuwa kunaniuma. Mimi nakaa Gongo la Mboto. Ukipanda Pugu, ukaipita Kisarawe mjini na kushika njia ya Maneromango, unafika kwake.

Gari lilikuwa safi. Aliyeniuzia, ambaye jina lake nitaliacha huko huko lilipo, alinionyesha kibati cha namba akasema, "Namba D hii, bosi." Basi nikatosheka. Ndugu zangu, herufi ile inakwambia gari lilisajiliwa lini hapa kwetu. Haikwambii lilitengenezwa lini, wala lilitembea kiasi gani huko lilikotoka. Langu lilitengenezwa mwaka 2007, likasajiliwa hapa mwaka 2016. Dashibodi ilisema kilometa 84,000. Nami ni mkaguzi wa ndani wa hesabu. Kazi yangu ya kila siku ni kutazama tarakimu zilizoandikwa na mtu mwingine na kumwuliza ushahidi uko wapi. Siku ile sikuuliza kitu.

Mwezi wa tatu nilipeleka gari kwa fundi kubadilisha oili ya injini. Akaniambia, "Kaka, na ya giaboksi tuimalizie hapo hapo." Akatuma kijana dukani, kijana akarudi na makopo ya haidroliki nyekundu, ile inayouzwa kila mahali. Nilitaka kuuliza kama hiyo ndiyo yenyewe. Sikuuliza, kwa kuwa palikuwa na watu watatu wamekaa kwenye benchi wakinitazama, na mimi nilikuwa nimevaa tai.

Hapa niruhusuni nieleze kidogo, hasa kwa wale wa mchepuo wa sayansi. Magari ya otomatiki si ya namna moja. Yapo yenye giaboksi ya meno na klachi, inayobadili gia kwa hatua. Na yapo yenye giaboksi ya mkanda, ambayo mafundi wetu huiita CVT. Hiyo ya pili haina gia ya kwanza wala ya pili. Ina puli mbili, na kila puli ni sahani mbili za umbo la pia zinazotazamana. Sahani zikikaribiana mkanda hupanda juu, zikiachana mkanda hushuka chini, na kwa njia hiyo mwendo hubadilika pasipo mshtuko. Kampuni ya DAF ya Uholanzi ilitoa gari la namna hii mwaka 1958, na mikanda yake ilikuwa ya mpira. Ya chuma ilikuja baadaye: mamia ya vipande vyembamba vilivyopangwa kama kurasa za kitabu juu ya pete za chuma.

Sasa lishikeni hili. Mkanda ule hauna meno. Unaishika puli kwa kubanwa tu, chuma kwa chuma, huku vyote vimelowa oili. Kwa hiyo oili yake inatakiwa kufanya kazi mbili zinazopingana: ilainishe chuma kisisagike, na papo hapo ikiache chuma kishike chuma kisiteleze. Haidroliki ile nyekundu imetengenezwa kwa ajili ya giaboksi ya klachi. Ukiitia kwenye ya mkanda, gari litaondoka gereji vizuri kabisa na fundi atapokea fedha yake. Lakini mkanda umeanza kuteleza kidogo kidogo, unaichubua puli, na unga wa chuma unazunguka na oili kwenda kuziba vijia vya ndani. Kuanzia hapo ni suala la siku tu.

Wala msidhani mambo haya hutokea kwetu tu tusio na vitabu. Marekani, kampuni ya Nissan iliongeza dhamana ya giaboksi za mkanda kwa magari yake ya miaka 2003 hadi 2010, ikaifikisha miaka 10 au maili 120,000, baada ya wateja kulalamika. Langu si la kampuni hiyo. Nasema tu kwamba giaboksi hii haina simile, hata kwa mtu aliyenunua gari jipya.

Dalili nilizipata, nikazipuuza. Kwanza ulikuja mlio mwembamba kama wa mbu, unaopanda na mwendo. Mama ndiye aliyeusikia. Akasema, "Mwanangu, gari lako linahema kama mgonjwa wa pumu." Nikacheka. Kisha likaanza kutetemeka wakati wa kuondoka. Kisha, kwenye mwinuko wa Pugu, injini ikawa inanguruma na gari linafikiri.

Siku ya kliniki tulitoka Masaki saa moja asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha, na mbele kidogo tukanasa kwenye mchanga. Nikafanya kila kosa linalowezekana: nikakanyaga mafuta, nikatia D, nikatia R, nikarudia D kabla magurudumu hayajasimama. Tulipochomoka tulikwenda kama mita 300 hivi, pakanuka kuungua, halafu kimya. Injini inawaka, gari haliendi, mbele wala nyuma.

Nilimpandisha mama bodaboda. Ile ile niliyokopa milioni 9 ili asiipande. Alishika bega la kijana kwa mkono mmoja na kadi yake ya kliniki kwa mkono wa pili, asinilaumu hata neno moja, na hilo ndilo lililonichoma. Alifika Kisarawe muda wa kliniki umekwisha kupita.

Mimi nilibaki kufanya kosa la mwisho. Lori la mihogo lilipita, tukafunga kamba, likanivuta hadi Kisarawe mjini magurudumu yote yakiwa chini. Gari la otomatiki injini ikizimwa, pampu ya oili ya giaboksi hailazunguki. Magurudumu yanayovuta yanasaga vyuma vikavu. Lilipasa kuinuliwa mbele, au kupakiwa. Kama kulikuwa na kitu kimesalimika humo ndani, nilikimaliza kwa kamba ile.

Fundi wa pili aliifungua sampu. Oili ilikuwa nyeusi, na sumaku za chini zimeota manyoya ya chuma. Akaniambia kuna njia mbili. Ya kwanza, giaboksi nyingine. Ya pili aliitaja kwa sauti ya chini: ipo dawa ya kutia humo, gari litatembea wiki moja, labda mbili, "na wewe ndani ya hizo wiki unalisukuma kwa mtu."

Ndugu Mwenyekiti, nilichagua ya pili. Nilikuwa na deni la benki la miaka minne na gari lisilotembea. Dawa ikatiwa, gari likatulia. Mnunuzi akapatikana, mwalimu kijana wa shule ya msingi. Alinipa shikamoo, akalizunguka gari, akakaa ndani, akashika usukani kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika kitoto kichanga. Akaniuliza, "Mkubwa, halina tatizo lolote?" Nikasema, "Halina."

Akanipa shilingi laki tano ya kutangulizia, akaenda kushughulikia mkopo wake. Laki tano ile nilikaa nayo siku tatu. Sitawaambia kwamba nilikuwa mtu mwema. Nadhani kama mkopo wake ungetoka siku ya pili, gari lingekuwa lake. Siku ya tatu nilimpigia simu nikamweleza yote, nikamrudishia fedha. Alishukuru kwa adabu. Tunapokutana siku hizi ananisalimia, lakini haniiti tena mkubwa.

Basi nikaenda Gerezani kutafuta giaboksi iliyotumika. Kijana muuza spea akataka kwanza alione gari, asome namba ya giaboksi kwenye kibati cha injini, maana gari la jina moja na mwaka mmoja laweza kuwa na giaboksi tofauti. Alipofungua boneti akaona kibandiko kidogo kimeandikwa Kijapani. Nami nilikuwa nimekwisha kukiona mara nyingi. Akaniuliza, "Mzee, hiki umekisoma?" Nikamwambia sijui Kijapani. Akasema, "Tarakimu si Kijapani."

Gereji za Japani hubandika karatasi kama ile zikibadilisha oili: tarehe na kilometa. Yangu ilikuwa na 25, kisha mwezi na siku. Kijana akanifahamisha kuwa 25 ni mwaka wa mfalme wao. Mfalme Akihito alianza mwaka 1989, kwa hiyo mwaka wa 25 ni 2013. Na kilometa zilizoandikwa pale zilikuwa 118,300. Mwaka 2013, kilometa 118,300. Mwaka 2019, mimi nauziwa ikiwa na 84,000. Gari lilikuwa limerudi ujana. Ushahidi ulikuwa umebandikwa mbele ya macho ya mkaguzi wa hesabu tangu siku ya kwanza.

Giaboksi ilinigharimu shilingi milioni 1.8, ufundi mbali. Kijana yule alisisitiza jambo moja ambalo wengi huliruka: kipoozeo cha oili na mabomba yake yasafishwe au yabadilishwe, kwani unga wa giaboksi iliyokufa umelala humo, nao huiua mpya. Oili nilinunua ile iliyotajwa na mtengenezaji kwa jina lake, nikaibeba mwenyewe mkononi, nikasimama pale mpaka ikaingia.

Mkienda kununua, basi, nendeni asubuhi gari likiwa baridi. Muuzaji akikukaribisha na injini tayari ina moto, mwulize kwa nini. Tia D, kisha R, uhesabu: gari linalochelewa kushika lina siri. Lipandishe mlima, Pugu unatosha. Omba cheti cha kusafirishia gari kutoka Japani, maana humo huandikwa kilometa za ukaguzi wao. Na ile tabia ya kutia nyutro kwenye mteremko ili kubana mafuta, iacheni. Mafuta unayobana hapo hayanunui hata kopo la oili.

Mama bado anakwenda kliniki, na gari ndilo linalompeleka. Leo nimekuja nalo, liko chini ya mwembe kule nyuma ya bwalo, na kibandiko sikukibandua. Mwanafunzi atakayeweza kunisomea yale maneno ya Kijapani yaliyobaki, soda yake iko juu yangu.