Doriani: Tunda la Miba na Harufu Kali

Doriani hunukia kabla halijaonekana. Ni tunda kubwa, lenye ganda gumu lililojaa miba, na asili yake ni misitu ya mvua ya Borneo na Sumatra, Kusini Mashariki mwa Asia. Hupandwa Zanzibar pia, na msimu wake ukifika huuzwa sokoni pamoja na shokishoki, tunda jingine lililotoka pande hizo hizo.

Mdoriani ni mti mrefu, wa ukoo mmoja na mbuyu, pamba na bamia. Maua yake huota kwenye matawi makubwa yenyewe na hufunguka jioni. Usiku popo huja kunywa utamu wake, na kwa kuhama ua hadi ua huyachavusha. Tunda hukomaa kwa miezi mitatu hivi au zaidi. Linaweza kufika urefu wa sentimita 30 na uzito wa kilo 3, na likiiva huanguka lenyewe. Kupita chini ya mdoriani wakati wa msimu ni hatari.

Harufu yake hutokana na kemikali zenye salfa, za aina inayopatikana pia katika vitunguu. Mwaka 2017 wanasayansi wa Singapore walichapisha jenomu ya doriani, wakaonyesha jeni zinazozidisha kemikali hizo tunda linapoiva. Porini harufu hiyo ina kazi: huwaita wanyama kama tembo na orangutani, wanaokula tunda na kusambaza mbegu. Mijini huwakera wengi, na Singapore imepiga marufuku kupanda treni na doriani.

Kulipasua, hutafutwa mistari iliyofifia kitakoni mwa tunda, kisu kikachomekwa hapo na kuzungushwa. Ndani mna vyumba, kwa kawaida vitano, vyenye nyama ya manjano iliyozunguka kokwa kubwa. Nyama hiyo ni laini kama siagi, tamu, yenye ladha ya lozi na kidokezo cha kitunguu. Kokwa haziliwi mbichi. Huchemshwa au kuchomwa kwanza.

Mwanasayansi Mwingereza Alfred Russel Wallace alichukizwa na harufu hiyo alipokutana nayo Malacca katika miaka ya 1850. Baadaye, huko Borneo, aliokota doriani bivu chini ya mti, akalila nje penye hewa, na tangu hapo akawa mpenzi wake. Anayelionja mara ya kwanza naye atafaidika akilila hivyo: bivu, uwanjani, na mara tu baada ya kupasuliwa.