KIONGOZI MWENYE KUONA MBALI TUMDAI NINI?

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, wilaya ya Kilosa)



Leo tuzungumze juu ya uongozi. Hatusemi uongozi wa mbali. Tunasema uongozi wa hapa kwetu Kilosa, wilaya yenye majimbo mawili ya uchaguzi, yaani Kilosa na Mikumi.

Tuanze na mto. Wote mnaujua mto Mkondoa. Watu wazima hawajasahau mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa mwaka 2010. Mvua kubwa ilinyesha milimani. Tuta la kuzuia mto likakatika. Maji yakaingia majumbani. Maelfu ya watu walikosa makazi, wakaishi katika mahema. Reli ya kati iliharibika kati ya Kilosa na Gulwe, na treni zikasimama kwa miezi.

Je, tuta huharibika siku moja? La. Tuta huharibika pole pole. Ng'ombe wakilikanyaga kila siku, linalegea. Mtu akilima juu yake, linalegea. Miti ya milimani ikikatwa, mchanga hushuka na kujaza mto, na maji hupanda juu. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kiongozi asiyeona mbali huja baada ya mafuriko, analeta unga. Tunamshukuru kwa unga huo, maana mwenye njaa lazima ale. Lakini kiongozi mwenye kuona mbali huja wakati wa kiangazi. Anauliza: tuta likoje? Nani analitunza? Fedha za kulitengeneza zimepangwa wapi? Huyo ndiye tunayemtaka.

MALI TULIYO NAYO

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kwamba ili tuendelee tunahitaji vitu vinne: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Hebu tujihesabu.

Watu tupo. Ardhi ipo. Kule Ilonga kuna kituo cha utafiti wa mbegu. Kidodi na Ruhembe kuna miwa. Mikumi kuna Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964, na barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa inapita katikati yake. Reli ya zamani, iliyoanza kujengwa na Wajerumani mwaka 1905, inapita kwetu. Na tangu mwaka 2024 treni ya umeme inapita kwetu pia, ikienda Dodoma, na stesheni tunayo.

Basi mali tunayo. Lakini mtu hali reli. Treni ikipita mbio na wewe umesimama shambani unaipungia mkono, umepata nini? Watalii wakilala Mikumi wakala nyanya na mayai yaliyotoka mbali, wewe mkulima wa jirani umepata nini?

Hapo ndipo uongozi unapohitajika. Kiongozi mwenye kuona mbali anakaa na wakulima na kuuliza: mpunga, mahindi na mboga zetu zitafikaje stesheni na hotelini? Ghala litajengwa wapi? Barabara ya kutoka kijijini inapitika masika? Vijana wetu wafundishwe kazi gani?

Tena kuna jambo zito zaidi. Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, wakulima na wafugaji waligombana, na watu zaidi ya 30 waliuawa. Ugomvi wa namna hii hauanzi na rungu. Huanza pale ambapo mipaka ya mashamba, malisho na njia za mifugo haijulikani, na wakubwa wanaona wananyamaza. Kupima ardhi na kupanga matumizi yake, wakulima na wafugaji wakiwa wamekaa pamoja, hiyo ni kazi ya uongozi. Ikicheleweshwa, watu wanakufa.

NANI TUMDAI NINI?

Mara nyingi tunamdai mtu kitu kisichokuwa kazi yake. Tujue basi.

Mwenyekiti wa kijiji na halmashauri yake tuwadai mikutano. Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi. Unatakiwa uitishwe kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe hapo.

Diwani tumdai taarifa ya Halmashauri ya Wilaya. Kata yetu imetengewa nini mwaka huu? Kimefanyika nini?

Mbunge hajengi daraja kwa fedha za mfukoni mwake. Kazi yake ni kutusemea Bungeni, kuibana Serikali kwa maswali na kuipitisha bajeti. Tumdai hayo, na arudi kutueleza majibu aliyoyapata.

TUSIOGOPE KUULIZA

Tuwasimulieni jambo moja. Siku moja tulihudhuria mkutano wa kampeni katika kijiji kimoja. Mgombea aliahidi daraja. Watu wakashangilia. Akasimama mama mmoja, mhitimu wa kisomo, daftari mkononi. Akauliza: "Ndugu mgombea, daraja hilo litajengwa wapi, kwa fedha za nani, na lini?"

Mgombea akacheka. Akasema, "Mama yetu huyu amesoma sana!" Mkutano mzima ukacheka. Mama akakaa chini, akanyamaza.

Ndugu zangu, nasi tuliokuwa pale, walimu wa watu wazima, tulicheka. Aibu hiyo tunayo mpaka leo. Sisi ndio tuliomfundisha kuandika, na siku alipoitumia elimu yake hatukusimama naye. Daraja halikujengwa. Masika wanafunzi bado wanavuka mtoni, maji kiunoni.

Kumbe mama yule alikuwa akifanya kazi yetu sote. Katiba yetu ya mwaka 1977 inasema kwamba mamlaka ya Serikali yanatoka kwa wananchi. Basi kuuliza si matusi. Kuuliza si ukorofi. Anayekutuma dukani ana haki ya kuuliza chenji.

Lakini tuulize vizuri. Kiongozi akiahidi jambo, tuandike katika daftari mambo manne: ni jambo gani, mahali gani, fedha kutoka wapi, na tarehe gani. Mkutano ujao tufungue daftari tusome. Asiyejua kusoma asomewe. Kiongozi mwema atafurahi, maana ataona anao wenzake wa kazi. Anayebabaisha atachukia, nasi tutakuwa tumemfahamu.

Na sisi tujiulize pia. Nani analima juu ya tuta? Nani anapokea chumvi na kanga wakati wa kampeni, halafu analalamika miaka mitano? Kiongozi anaona mbali akiwa na wananchi wanaoona mbali.

Siku nyingine mama akisimama na daftari lake, tusicheke. Tusimame naye.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mkutano Mkuu wa kijiji chenu ulifanyika lini? Mapato na matumizi yalisomwa?

2. Taja ahadi moja mliyopewa. Je, mliiandika?

3. Ni jambo gani hapo kwenu linaharibika pole pole kama tuta, na nani aulizwe?