Kifafa Kinachoanza Ukubwani

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi habari za kifafa kinachomshika mtu mzima ambaye tangu utoto wake hakupata kuanguka hata mara moja.

Wengi wakiona jambo hili husema ni pepo, nao humkimbia mgonjwa kwa kuogopa povu lake. Lakini kifafa hakiambukizi. Ni msukosuko wa ubongo, na pengine chanzo chake ni uvimbe uliomo ndani ya fuvu.

Mwaka 1884 huko London alitibiwa mkulima mmoja Mskoti, umri wake miaka 25. Kifafa chake kilianza upande wa kushoto wa uso, na baadaye kikaushika mkono wa kushoto, hata mkono ule ukapooza. Daktari wake, Hughes Bennett, alijua kwa kazi ya wenziwe Hughlings Jackson na David Ferrier kwamba viungo vina mahali pake katika ubongo, na kwamba upande wa kulia wa ubongo huuongoza upande wa kushoto wa mwili. Basi akaonyesha penye uvimbe, ingawa nje ya kichwa hapakuwa na alama yo yote. Tarehe 25 Novemba, Rickman Godlee akalifungua fuvu, na uvimbe ukaonekana pale pale. Mgonjwa alikufa baada ya majuma manne hivi, kwa kuwa jeraha liliingiwa na vijidudu. Lakini njia ilikwisha funguliwa.

Siku hizi ziko mashine zipigazo picha ya ubongo. Walakini daktari hayupo nyumbani mtu aangukapo; aliyepo ni wewe. Basi usikimbie. Mlaze ubavu, usimtie kitu kinywani, wala usimshike kwa nguvu. Tazama: kifafa kimeanzia wapi, mdomoni au kidoleni? Upande gani? Dakika ngapi? Kikipita dakika 5, mpelekeni hospitali upesi.

Hata akiinuka mzima, apelekwe. Si kila kifafa cha ukubwani ni uvimbe. Pengine ni kovu la pigo la kichwa, au watoto wa tegu wa nguruwe walioingia ubongoni. Lakini asiyepimwa hatajua, na uvimbe haungoji. Mweleze daktari yote uliyoyaona, kwani macho yako ndiyo shahidi wake wa kwanza.