Chanjo ya Homa ya Ini: Tutazame Kadi Kwanza

(Hotuba ya Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mukuyuni)



Mwaka huu wazazi wenye vijana wanaokwenda kusomea uuguzi wamenijia mara nyingi wakiuliza: "Karani, mtoto wetu alichanjwa homa ya ini alipokuwa mchanga. Je, nguvu ya dawa haijakwisha? Tuuze mbuzi tumtafutie sindano nyingine?"

Sisi wa Ukambani twajua uchungu wa ugonjwa wa ini. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu ya ukungu, iitwayo aflatoksini, yaliwaugua watu 317, wengi wao wa Makueni na Kitui, na 125 wakafa. Waliochunguza maafa yale waliona kwamba virusi vya homa ya ini aina ya B vilipatikana zaidi katika damu ya wagonjwa kuliko ya watu wazima wa afya waliolinganishwa nao. Tena sumu ile na virusi hivi vikikaa pamoja mwilini miaka mingi, hatari ya saratani ya ini huzidi sana. Basi swali la wazazi si dogo.

Jibu ni hili. Kenya ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo hii mwishoni mwa mwaka 2001, katika sindano moja yenye kukinga magonjwa matano, yakiwamo pepopunda, kifaduro na dondakoo. Mtoto huchanjwa mara tatu: akiwa na wiki 6, 10 na 14. Ni kweli kwamba miaka ikipita kinga ionekanayo katika damu hupungua. Lakini mwili haukusahau. Askari wamerudi mashambani kwao. Mbiu ya mgambo ikilia, watakusanyika. Na adui huyu ni mwenda pole: huchukua mwezi mmoja hata miezi sita kabla ya kuleta ugonjwa, hivyo askari hupata wakati wa kujipanga.

Huko Alaska, Marekani, watu waliochanjwa mwaka 1981 walipimwa baada ya miaka 30. Nusu yao hivi walikuwa bado na kinga ya kutosha katika damu. Waliobaki walipochomwa sindano moja tu, karibu 9 katika kila 10 waliipata tena kwa muda wa siku 30. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani halipendekezi chanjo ya nyongeza kwa mtu mwenye afya aliyemaliza chanjo zake tatu. Mbuzi na abaki zizini.

Wapo wachache ambao hali yao ni mbali: wanaosafishwa damu kwa ajili ya figo, wenye upungufu wa kinga, na wauguzi na watu wa maabara washikao damu kila siku. Hao na wapimwe, na wafuate shauri la daktari.

Lakini, ndugu zangu, hofu yetu tumeiweka mahali pasipo pake. Mimi nilizaliwa kabla ya mwaka 2001. Mama alinitunzia kadi yangu ya kliniki katika sanduku, nami nilijiona salama kabisa. Nilipoisoma vizuri, niliona kifua kikuu, polio na surua. Homa ya ini haikuwamo. Nikaenda kupimwa, nikaonekana mzima, nikachanjwa mara tatu katika muda wa miezi sita. Ni wangapi humu wa rika langu na zaidi ambao hawajachanjwa hata mara moja, nao wanahangaikia sindano ya nne ya watoto wao?

Basi naomba mambo mawili. Kila nyumba na itafute kadi zake, izisome, na kuzihifadhi. Na asiyeona chanjo tatu katika kadi yake, au asiye na kadi, aende kwenye kituo cha afya apimwe kwanza. Akiwa hana virusi, aulize habari ya kuchanjwa. Akiwa navyo, asijifiche, kwa maana matunzo yapo, na ugonjwa huu hauambukizwi kwa kula pamoja wala kwa kushikana mikono.