Kawia Ufike, Lakini Tuambiwe



Mwisho wa mwaka unapokaribia, watu huwa kama siafu waliochokonolewa. Aliyeko Dar es Salaam anataka kula sikukuu Songea. Aliyeko Songea anataka kufika Namasakata akamwone mama. Na wenzetu walioko London, Amsterdam au Toronto, waliodunduliza mwaka mzima, nao wamekata tiketi za kuja nyumbani. Kila mtu anataka kuondoka siku ile ile, na kila mtu ana watu wanaomngoja.

Tatizo ni kwamba sikukuu hizi hazikuchagua majira mazuri. Huku kwetu Ruvuma mvua huanza mwishoni mwa Novemba au mapema Desemba, ikaendelea hadi Aprili. Huko Ulaya na Amerika ya Kaskazini ndiyo baridi kali na theluji. Kwa hiyo msafiri anayetoka huko kuja huku huzuiwa na theluji mwanzo wa safari, na akinusurika nayo, hukutana na wingu zito mwisho wa safari.

Wakati barabara zetu za kwenda Tunduru zilikuwa za udongo, safari ya masika ilikuwa na adabu yake. Basi likizama kwenye tope, abiria walishuka, wakakunja suruali na kupandisha kanga, wakasukuma. Likigoma, walilala hapo hapo. Walichoka, lakini hawakuwa na fumbo la kufumbua, kwa sababu kila mtu aliliona gurudumu lilivyozama. Msafiri wa ndege hana bahati hiyo. Amekaa ukumbini, kavaa vizuri, nje jua linawaka, naye anaambiwa ndege imechelewa kwa sababu ya hali ya hewa. Hali ya hewa ipi, na ya wapi? Hapo ndipo hasira zinapoanzia.

Basi tuanze na haki ya rubani. Theluji na barafu vikiganda juu ya bawa hubadili umbo lake, na bawa lililobadilika umbo haliinui ndege inavyotakiwa. Ndiyo maana katika nchi za baridi ndege hunyunyiziwa dawa ya moto ya kuyeyusha barafu kabla ya kuruka. Dawa hiyo nayo ina muda wake: foleni ikiwa ndefu, lazima ndege inyunyiziwe upya, na saa zinakwenda. Tarehe 13 Januari 1982, mjini Washington, ndege ya shirika la Air Florida iliruka ikiwa na theluji mabawani, ikagonga daraja na kutumbukia katika mto Potomac. Watu 78 walikufa, wanne kati yao wakiwa wamo ndani ya magari yao darajani.

Wala tusiseme hayo ni ya nchi za theluji tu. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilitumbukia katika Ziwa Viktoria ilipokuwa ikikaribia kutua Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya. Ilikuwa na watu 43. Waliokufa ni 19, na wavuvi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika kuokoa. Kwa hiyo rubani akifika juu ya Songea akakuta wingu limelala juu ya uwanja, kisha akageuza, asitukanwe. Ametunyima sikukuu ya siku moja, lakini katuachia sikukuu zote zijazo.

Hata hivyo, waungwana, hali ya hewa isigeuzwe kichaka cha kujifichia. Mvua haimzuii mtu wa kaunta kusema kweli. Theluji haifungi jiko la hoteli. Mnamo Desemba 2010 theluji iliufunga uwanja wa Heathrow, London, na maelfu ya watu wakalala sakafuni siku chache tu kabla ya Krismasi. Kilichowaudhi wengi si theluji peke yake, bali kukosa mtu wa kuwaeleza waende wapi.

Umoja wa Ulaya una kanuni, iliyoanza kutumika mwaka 2005, kwamba safari ikifutwa kwa sababu ya hewa, shirika huenda lisilipe fidia, lakini chakula na malazi ni wajibu wake. Mwaka 2013 Mahakama ya Umoja huo ilisema wajibu huo ulikuwapo hata pale majivu ya volkeno ya Iceland yalipofunga anga mwaka 2010. Yaani msiba ni wa Mungu, lakini mgeni ni wako, mlishe.

Nasi hapa tunayo Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na lipo Baraza la kuwasemea watumiaji wa usafiri huo. Abiria wetu wengi hupiga kelele kaunta, kisha wakifika nyumbani huyasahau. Kelele haiingii kwenye faili. Tunza tiketi na risiti, andika saa na ulichoambiwa, kisha peleka lalamiko lako kwa maandishi.

Na kwa ndugu walioko ng'ambo, neno moja. Mkiweza, nunueni safari yote kwa tiketi moja, tangu huko hadi kiwanja cha mwisho. Ukiwa na tiketi moja, theluji ikikuchelewesha, ni kazi ya shirika kukutafutia ndege nyingine. Ukinunua mbili mbali mbali, ile ya pili itakuhesabu mtoro, na nauli inaweza kupotea. Kisha acheni siku moja au mbili katikati. Harusi ya Jumamosi haifuatwi kwa ndege ya Ijumaa usiku.

Wahenga walisema, kawia ufike. Walikuwa wakimwambia msafiri. Mwenye chombo naye anapaswa kukumbuka kwamba anayekawia ana mama anayechungulia njia, na mama huyo akipewa habari ya kweli atangoja bila kuumia roho.