Kimo cha Motokaa ya Zamani

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama)



Katibu wetu ameniomba nizungumze juu ya jambo nililojifunza kwa gharama na kwa hofu, yaani kurudisha motokaa ya zamani katika kimo chake. Wengi wetu, kwa mishahara tuipatayo, hununua gari lililokwisha kutumikia watu watatu au wanne, na kila mmoja ameacha humo ufundi wake.

Gari langu ni Volkswagen ile ya mgongo wa mviringo, ya mwaka 1965, niliyorithi kwa marehemu ami yangu. Si gari geni kwetu. Mwaka 1962 gari la namna hiyo lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, likiendeshwa na Tommy Fjastad. Langu lilikuwa limeinama nyuma, upande wa kushoto. Fundi mmoja akanishauri tuinue nyuma yote kadiri iwezekanavyo ili lipite juu ya mashimo. Nikakubali, kwa maana lilipendeza machoni.

Wiki ya pili nalikuwa nashuka kona ya changarawe, mke wangu na watoto wawili wamo ndani. Nyuma ya gari ikainuka, gurudumu la nje likajikunja chini yake, nasi tukazunguka hata tukawa twatazama tulikotoka. Hatukuumia. Walakini tangu siku ile mke wangu hakupanda tena, nami sikumlaumu.

Sababu yake ni hii. Katika gari la mwaka ule, ekseli ya nyuma ina kiungo kimoja tu kila upande, karibu na giaboksi. Bodi ikiinuliwa mno, magurudumu husimama yakiwa yameegemea nje kwa juu na kuingia ndani kwa chini. Katika kona bodi huzidi kunyanyuka, na gurudumu huzidi kuingia chini. Basi kimo si jambo la mashimo peke yake.

Gari hili halina springi za mabamba nyuma. Chini yake limelala bomba la chuma kutoka upande hata upande, na ndani yake mna vyuma viwili vya mviringo. Kila chuma kimeshikwa katikati ya bomba, na ncha yake ya nje imeshika bamba lililo kama mkono, linalokwenda nyuma hata kwenye gurudumu. Gurudumu likipanda, chuma husokoteka kama nguo inayokamuliwa, kisha hujirudisha.

Ncha ya ndani ina meno 40, na ncha ya nje ina meno 44. Tupige hesabu, maana sisi ni watu wa hesabu. Jino moja la ndani ni digrii 9. Jino moja la nje ni digrii 8 na kama dakika 11. Ukigeuza chuma jino moja upande huu, na bamba jino moja upande wa pili, tofauti ni dakika 49 tu, isiyotimia hata digrii moja. Kwa bamba lenye urefu wa kama sentimita 40, ncha yake huhama karibu milimita 6. Lakini ukigeuza bamba peke yake jino moja, huhama zaidi ya sentimita 5! Hivyo ndivyo alivyofanya yule fundi, tena kwa kukisia kwa jicho.

Kabla ya kufungua lolote, pima upepo wa mipira, weka gari tupu mahali pa sawa, uandike kimo cha kila upande. Kisha liinue juu ya vigingi imara. Jeki peke yake haitoshi. Ondoa gurudumu na shokapu. Tia alama kwa tindo mahali bamba linapokutana na ekseli, la sivyo gurudumu halitarudi katika mstari wake. Fungua bolti, vuta ekseli nyuma.

Hapa ndipo penye hatari. Bamba bado limekaa juu ya kituo chake likiwa na nguvu nyingi, na likiponyoka huvunja mkono wa mtu. Linyanyue kidogo kwa jeki, livute nje kwa mtaimbo, kisha ushushe jeki polepole. Wala asisimame mtu chini yake. Likiisha kulegea, ondoa kifuniko na mpira wake, upime pembe ya bamba kwa kipimio chenye pimamaji. Pembe inayotakiwa isomwe katika kitabu cha mwaka wa gari lenyewe. Usichukue ya gari la jirani.

Vyuma vya kushoto na kulia havibadilishani, kwa kuwa vimesokotwa tayari kiwandani. Usikwaruze rangi yake, maana mkwaruzo huzaa ufa. Mipira ipakwe poda ya talki, isipakwe grisi.

Kazi ilituchukua Jumamosi mbili, mimi na shemeji yangu. Baada ya safari ya kilomita chache nikapima tena. Pande zote mbili zilitofautiana milimita 4. Jumapili iliyofuata mke wangu alizunguka gari mara moja, akatazama magurudumu, akaketi mbele. Kipimio ninacho, na mwanachama akikihitaji atakipata kwangu baada ya saa za kazi.